Kina Si Ngazi: Istilahi za Kujongeza Sehemu za Ukurasa na Funzo la Nachingwea na Ruangwa

1. Utangulizi

Kazi ya mwanaistilahi ni kulipatia kila wazo jina lake, na kulinda jina hilo lisibebeshwe wazo la pili. Majina mawili yakigombania wazo moja, msomaji husumbuka kidogo, kisha huzoea. Lakini jina moja likibebeshwa mawazo mawili, msomaji hupotoka naye hajui kwamba amepotoka. Makala haya yana nia ya kuichunguza hatari hiyo ya pili katika maneno kina na ngazi, ambayo yanahitajiwa sana na waandishi wa kurasa za intaneti.

Jambo lenyewe ni hili. Ukurasa wa intaneti hugawanywa katika sehemu, na sehemu moja yaweza kuwa na sehemu nyingine ndani yake, na hiyo nyingine ikawa na ya tatu. Ili jicho la msomaji litambue ipi imo ndani ya ipi, sehemu ya ndani husogezwa kidogo mbali na pambizo, na iliyomo ndani zaidi husogezwa zaidi. Mwandishi aweza kuifanya kazi hiyo kwa mkono, sehemu baada ya sehemu. Aweza pia kuandika programu fupi kwa lugha ya JavaScript, nayo programu ikahesabu yenyewe kila sehemu imo ndani kiasi gani na kuisogeza ipasavyo. Hapo ndipo maneno yanapohitajiwa: tendo hilo la kusogeza tuliiteje, nafasi inayoachwa tuiiteje, na hesabu hiyo tuiiteje?

Tumezichagua Nachingwea na Ruangwa kuwa mfano kwa sababu wilaya hizi mbili za Mkoa wa Lindi zina historia inayoidhihirisha tofauti ya kina na ngazi hata kwa mtu asiyepata kugusa kompyuta.

2. Majina ya mgawanyo wa maandishi

Kiswahili kina hazina ya kutosha ya majina ya migawanyo ya maandishi. Sura na aya tumezipokea kutoka Kiarabu, na Waislamu wa pwani walizizoea kwa kusoma Kurani kabla hazijaingia katika vitabu vya shule. Ibara nayo ina asili hiyohiyo. Vitabu vya zamani vilitumia mlango mahali ambapo leo tunatumia sura. Kifungu ni neno la Kibantu lililotokana na fungu, yaani sehemu iliyotengwa, kama lile fungu la nyanya au la samaki linalopangwa sokoni.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 ni mfano mzuri wa majina hayo yakifanya kazi pamoja. Imegawanywa katika sura. Sura hugawanywa katika sehemu. Ndani ya sehemu mna ibara. Ndani ya ibara mna ibara ndogo. Na ndani ya ibara ndogo mna aya. Katika Sura ya Kwanza, Sehemu ya Kwanza, ibara ya 2, ibara ndogo ya (2), ndimo inamotajwa mamlaka ya Rais ya kuigawa Jamhuri ya Muungano katika mikoa, wilaya na maeneo mengineyo. Kwa hiyo msomaji huteremka hatua nne ndani ya maandishi ili afike mahali panapoeleza jinsi nchi yenyewe inavyogawanywa hatua kwa hatua.

Hata hivyo utaratibu huu una upungufu mmoja. Majina yake ni ya cheo, na vyeo vina mwisho. Baada ya ibara huja ibara ndogo, na baada ya aya huja aya ndogo. Likizaliwa tabaka jingine chini ya hapo, hatuna jina. Neno kifungu linaionyesha dhiki hiyo waziwazi. Kiambishi ki- kimekwisha kulidogosha fungu mara moja. Tunaposema kifungu kidogo tunalidogosha mara ya pili. Mara ya tatu ulimi unakwama, ama sivyo tuseme kifungu kidogo cha kifungu kidogo, msemo ambao hakuna karani atakayeuvumilia. Sheria na katiba hazidhuriki sana, maana waandishi wake hujizuia wasiteremke mbali. Ukurasa wa intaneti hauna kizuizi hicho. Sehemu zake zaweza kuteremka kadiri mwandishi apendavyo.

3. Nachingwea na Ruangwa katika mgawanyo wa nchi

Wakati wa utawala wa Waingereza, Nachingwea ilikuwa katika Jimbo la Kusini. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga katika Tanganyika, na Nachingwea ikawa mojawapo ya maeneo yake makuu matatu, pamoja na Kongwa na Urambo. Mpango huo ulikomeshwa mwaka 1951 baada ya hasara kubwa. Mashamba yaliyofyekwa yalikuwa na namba, na shamba mojawapo, Farm 17, likaja kuwa kambi ya mafunzo ya wapiganaji wa FRELIMO katika miaka ya 1960, hadi Msumbiji ilipopata uhuru wake mwaka 1975. Reli iliyojengwa kwa ajili ya karanga nayo ilifungwa katika miaka ya 1960, lakini Stesheni ni jina la kata katika Nachingwea hadi leo.

Mwanaistilahi hana budi kulitazama jina hilo la Farm 17 kwa makini. Namba 17 ilikuwa na maana maadamu orodha ya mashamba ilikuwapo. Orodha ilipokufa, namba haikufa nayo. Iligeuka kuwa jina tupu lisilohesabu kitu. Hivyo ndivyo inavyokuwa kwa kila namba inayobandikwa kwa mkono juu ya kitu badala ya kuhesabiwa upya kila inapohitajiwa.

Baada ya uhuru, mwaka 1963, majimbo ya zamani yaliondolewa na mikoa ikachukua nafasi yake. Nachingwea ikawa katika Mkoa wa Mtwara. Mwaka 1971 Mkoa wa Lindi ulimegwa kutoka Mtwara, na Nachingwea ikahamia Lindi pamoja na yote yaliyokuwamo ndani yake. Mwaka 1995 Ruangwa, ambayo hadi wakati huo ilikuwa ndani ya Wilaya ya Nachingwea, ilitengwa na kuwa wilaya kamili. Katika sensa ya mwaka 1988 watu wa Ruangwa walihesabiwa ndani ya Nachingwea. Katika sensa ya mwaka 2002 Ruangwa ilisimama peke yake. Na sensa ya mwaka 2012 iliandika watu 178,464 kwa Nachingwea na 131,080 kwa Ruangwa. Mtafiti akizilinganisha takwimu za Nachingwea za mwaka 1988 na zile za mwaka 2002 pasipo kujua kwamba kilichokuwa ndani kimetoka nje, ataamini kwamba wilaya ilikumbwa na balaa iliyowafukuza watu wake.

Majina nayo yalihama. Jimbo, ambalo kabla ya mwaka 1963 lilikuwa mzazi wa wilaya zote za kusini, leo hutumika kwa eneo la uchaguzi, na kuna Jimbo la Nachingwea na Jimbo la Ruangwa. Neno ni lilelile, ila cheo chake kimeshuka. Kadhalika jina la mahali halimwambii msomaji mahali hapo pako katika ngazi gani. Ruangwa ni wilaya, na Ruangwa ni kata ndani ya wilaya hiyo. Nachingwea ni wilaya, lakini Wilaya ya Ruangwa nayo ina kata iitwayo Nachingwea. Orodha iliyopangwa bila mpangilio unaoonekana yaweza kumfanya karani aidhanie kata kuwa wilaya, na akaipelekea kata moja vitabu vya shule za wilaya nzima, au akaiandikia wilaya nzima mgawo wa kata moja.

4. Kitabu kimoja, mipangilio miwili

Tuchukulie kwamba mtu anaandika maelezo ya Mkoa wa Lindi kwa ajili ya ukurasa wa intaneti, na kwamba alianza kwa kuufuata mgawanyo uliokuwapo kabla ya mwaka 1995. Mpangilio wake ungekuwa hivi:

Mkoa wa Lindi
    Nachingwea
        Ruangwa
            Mnacho

Akiurekebisha kwa kuufuata mgawanyo wa baada ya mwaka 1995, mpangilio utakuwa hivi:

Mkoa wa Lindi
    Nachingwea
    Ruangwa
        Mnacho

Ikiwa aliziita sehemu zake kwa majina ya cheo, yaani Nachingwea ni sura, Ruangwa ni sehemu na Mnacho ni kifungu, basi sasa hana budi kuyabadili yote: Ruangwa imekuwa sura na Mnacho imekuwa sehemu. Ikiwa alizisogeza kwa mkono, hana budi kupima upya kila nafasi. Lakini ikiwa aliandika tu kwamba Mnacho ni mtoto wa Ruangwa, hana la kubadili kwa Mnacho. Uhusiano wa Mnacho na Ruangwa ulibaki vilevile. Kilichobadilika ni mzazi wa Ruangwa.

Mabadiliko ya mwaka 1971 yanatufundisha upande wa pili. Nachingwea ilipotoka Mtwara na kuingia Lindi ilibadili mzazi, lakini kina chake hakikubadilika, kwa kuwa mkoa ulipokewa na mkoa. Hivyo kuna mambo mawili tofauti: mzazi ni nani, na wazazi walio juu ni wangapi. Mjongezo huonyesha hilo la pili tu. Hilo la kwanza huonyeshwa na mahali sehemu ilipowekwa, yaani chini ya nani.

5. Jinsi programu inavyohesabu

Lugha ya JavaScript iliundwa na Brendan Eich wa kampuni ya Netscape mwaka 1995, mwaka uleule Ruangwa ilipopata wilaya yake. Hiyo ni sadfa tu, lakini yaweza kumsaidia mwanafunzi kukumbuka. Programu ya kujongeza hufanya kazi kwa hatua hizi:

(a) Huchukua sehemu moja ya ukurasa na kuanza na hesabu ya sifuri.
(b) Huuliza mzazi wa sehemu hiyo ni kipi. Mzazi huyo akiwa naye ni sehemu, huongeza moja katika hesabu.
(c) Hupanda kwa mzazi wa mzazi na kuuliza tena, hadi ifike kwenye kiwiliwili cha ukurasa ambako hakuna sehemu nyingine juu.
(d) Huzidisha hesabu iliyopatikana kwa kipimo kimoja, tuseme pikseli 20, na kuiweka sehemu hiyo mbali na pambizo kwa kiasi hicho.
(e) Huenda kwenye sehemu inayofuata na kuanza upya.

Hesabu hiyo hupanda mstari mmoja tu, kwa sababu katika ukurasa kila kitu kina mzazi mmoja. Wamwera, ambao ni wenyeji wa Nachingwea na Ruangwa, hawatauona ugeni hapo. Kwa desturi yao ukoo hufuata upande wa mama, na mwenye kuhesabu vizazi hupanda kwa mama, kisha kwa mama wa mama, bila kugawanyika njiani.

Yafaa kutaja kosa moja ambalo wanafunzi hulifanya kwa urahisi. Ikiwa sehemu zimo ndani ya nyingine kwelikweli, pambizo ya mtoto hupimwa kutoka ukingo wa mzazi wake, wala si kutoka ukingo wa ukurasa. Mzazi akisogea, mtoto husogea naye. Basi mwanafunzi akizidisha pikseli 20 kwa kina, sehemu ya kwanza itasogea 20, ya pili itasogea 20 na 40, yaani 60, na ya tatu 60 na nyingine 60, yaani 120. Alikusudia 20, 40 na 60. Katika hali hiyo kila sehemu ipewe pikseli 20 tu, na kazi iishe. Hata kanuni za mtindo wa ukurasa zatosha pasipo JavaScript. Kuzidisha kunahitajiwa pale tu ambapo sehemu zimepangwa kama safu za jedwali, moja chini ya nyingine, bila moja kuishika nyingine, na uhusiano wao umeandikwa pembeni.

Tena kuna jambo la haki. Nafasi tupu huonekana kwa macho. Msomaji asiyeona, ambaye husomewa ukurasa na kompyuta, haioni. Kwa ajili yake hapana budi vichwa vya habari vitajwe ngazi zake. Lugha ya HTML, tangu maelezo yake ya mwaka 1991, iliweka vichwa vya ngazi sita, kuanzia h1 hadi h6. Toleo la HTML5, lililopitishwa na W3C mwaka 2014, lilikuwa na utaratibu wa kuipata ngazi ya kichwa kutokana na kina cha sehemu yake. Wazo lilikuwa jema, lakini vivinjari havikuutekeleza utaratibu huo kwa wasomaji wao, na mwaka 2022 uliondolewa katika kanuni zinazotunzwa na WHATWG. Kwa hiyo mwandishi analazimika kuitaja ngazi mwenyewe, au kuiandikia programu iitaje baada ya kuhesabu kina. Historia hii ni ushahidi kwamba hata walioziunda kanuni walishughulika na mambo mawili, si moja.

Mwisho, kina kina gharama yake. Katika simu yenye upana wa pikseli 360, sehemu ya kina cha 6 iliyojongezwa kwa pikseli 20 kwa kila hatua itapoteza pikseli 120, yaani theluthi nzima ya upana. Mwandishi wa ukurasa utakaosomwa kwa simu na apunguze kipimo, au apunguze kina.

6. Istilahi zinazopendekezwa

Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na hasa tangu vijitabu vya Tafsiri Sanifu vilipoanza kutolewa mwaka 1974, desturi yetu imekuwa kutafuta kwanza ndani ya Kiswahili chenyewe, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, kabla ya kuazima mbali. Tukiifuata desturi hiyo tunapendekeza yafuatayo.

Kujongeza: kuiweka sehemu ya maandishi ndani zaidi, mbali na pambizo ya mwanzo. Neno hili ni la asili, na watu hulielewa mara walisikiapo. Tunasisitiza kusema pambizo ya mwanzo, wala si pambizo ya kushoto. Kiswahili kimeandikwa kwa karne nyingi kwa hati za Kiarabu, ambazo huanzia kulia. Fasili inayotaja kushoto ingewaacha nje washairi na mashehe wa Lamu, Mombasa na Unguja walioandika kwa hati hizo.

Mjongezo (mijongezo): nafasi inayoachwa kwa kujongeza. Neno hili lisichanganywe na mjongeo, ambalo linahusu mwendo.

Kupakata: hali ya sehemu moja kuishika nyingine ndani yake. Wapo wanaoweza kuvutwa na neno kiota kwa kuiga lugha za kigeni, lakini ndege hajengi kiota ndani ya kiota, na mtoto wa Kiswahili akisikia kiota huwaza mayai. Mama humpakata mtoto, na mama huyohuyo aliyempakata mwanawe aweza naye kuwa alipakatwa na bibi. Wazo la kitu kimoja kushika na kushikwa kwa wakati mmoja limo katika neno hilo.

Mzazi, mtoto, ndugu: uhusiano wa sehemu mbili zilizo karibu. Hapa Kiswahili kina utajiri unaozidi haja, maana chini ya mtoto tunaye mjukuu, kitukuu, kilembwe na kilembwekeza. Uzuri wa majina haya ni kwamba si ya cheo. Mtu hawi mjukuu peke yake. Huwa mjukuu wa fulani, na papo hapo huwa mzazi wa fulani mwingine.

Kina: idadi ya sehemu zinazoipakata sehemu fulani, kuanzia sifuri kwa ile isiyopakatwa na yoyote. Kina huhesabiwa, hakipewi.

Ngazi: cheo kilichotajwa kwa jina au kwa namba, kama vile ngazi ya wilaya, ngazi ya kata, au kichwa cha ngazi ya pili. Ngazi hupewa na mwenye mamlaka, awe ni Serikali au mwandishi. Haipatikani kwa kuhesabu peke yake.

7. Hitimisho

Mtu aweza kusema kwamba tofauti hii ni ndogo mno kushughulisha jarida zima, na kwamba kina na ngazi aghalabu hulingana. Ni kweli hulingana, hadi siku mgawanyo unapobadilika. Ruangwa ilipewa ngazi ya wilaya kwa uamuzi wa Serikali. Kina chake katika kitabu chetu kilipungua kwa sababu Nachingwea iliacha kuipakata. Mambo hayo mawili yalitokea pamoja, lakini si jambo moja, na programu inayoulizwa kimojawapo haiwezi kujibu kingine.

Wanafunzi wetu wa leo huanza kuandika programu wakiwa bado shuleni, na maneno ya kwanza wanayofundishwa ndiyo watakayofikiri kwayo. Tukiwapa ngazi kwa mawazo yote mawili, watabandika namba kwa mkono juu ya kila sehemu, na namba hizo zitabaki ukurasani kama ile 17 ya mashamba ya karanga, zikiwa majina tu. Tukiwapa kina kwa kinachohesabiwa na ngazi kwa kinachopewa, watajua lini wahesabu na lini waamue.

Wapenzi wa Kiswahili, hasa walimu wa kompyuta na waandishi wa kurasa walioko Lindi na Mtwara, wanaombwa wayajaribu maneno haya katika kazi zao na kuleta maoni yao, ili lile litakalokataliwa na watumiaji lijulikane mapema kabla halijachapwa katika orodha.